Haki na Makofi

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2025 nilikuwa macho kabla ya wakati wa daku. Mfungo wa Ramadhani ndio kwanza ulikuwa umeanza, na mzee wa miaka sabini na nne akishaamka usiku hana usingizi mwengine wa kuutafuta. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, alikuwa ameketi sebuleni, simu yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Kule Los Angeles ilikuwa bado Jumapili alasiri, na mabwana wa sinema walikuwa wanaanza kugawana zile sanamu za dhahabu ziitwazo Oscar. Hapa kwetu Mtoni ilikuwa saa tisa za usiku, na kilichosikika ni majirani wakiamshana, na bahari ikijaa nyuma ya magofu ya jumba la Seyyid Said.

Nakiri mbele ya msomaji kwamba nina ugonjwa huu wa tuzo. Kila mwaka, majina ya filamu zilizoteuliwa yanapotangazwa, huyaandika katika daftari kwa mistari iliyonyooka, kama nilivyokuwa nikiandika majina ya watahiniwa. Zamani niliyapata kwa redio. Siku hizi nayapata kwa huyu mjukuu. Filamu zenyewe nyingi nimeziona baada ya miaka, na nyengine sikuziona kabisa. Wenzangu wa barazani hunicheka. "Maalim, hao watu unawajua?" Nami huwajibu kwamba siwajui, kama wao wasivyowajua wachezaji wa Arsenal, ambao kwa ajili yao hugombana mpaka kahawa ikamwagika.

Usiku ule tuzo ya filamu za lugha za kigeni ilikwenda Brazil, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Ni filamu ya mama mmoja ambaye mumewe alichukuliwa na askari wa serikali ya kijeshi mwaka 1971, asirudi tena, naye akabaki na watoto watano wa kuwalea. Mjukuu wangu alipiga kofi moja la furaha, kisha akaniuliza: "Babu, na watu wetu je, wamewahi kuipata hii?"

Nikamwambia hawajawahi. Tanzania ilipeleka filamu yake ya kwanza mwaka 2001, nayo ni Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill. Mwaka 2022 ikapelekwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kisa cha Unguja ya miaka ya hamsini ambacho vijana wengi wa hapa walikisoma skuli. Zote mbili hazikufika katika zile tano za mwisho. "Lakini," nikamwambia, "kuna picha moja iliyofika, na bibi zako wote waliililia." Akataka kujua ni ipi. Nikamwambia Mama India.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi, na ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu.

Mother India ilitengenezwa na Mehboob Khan na kutolewa mwaka 1957. Machi mwaka 1958 ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizoshindania tuzo ile, ikiwa ni filamu ya kwanza ya India kufika hapo. Ikashindwa na filamu ya Mtaliana Federico Fellini, Le notti di Cabiria, kisa cha mwanamke mnyonge wa Roma anayedanganywa na kila mwanamume anayempenda. Simulizi iliyoenea ni kwamba tofauti ilikuwa kura moja. Tangu wakati ule India imefika hapo mara mbili nyengine tu, kwa Salaam Bombay! ya Mira Nair, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na maskani yake Kampala, na kwa Lagaan. Zote hazikupata.

Juu ya kura hizo nina neno moja, nalo ni neno la mwalimu. Mwezi wa Aprili 2025, wiki chache tu baada ya usiku ule, wakubwa wa Oscar walitangaza kanuni mpya: kuanzia sasa mjumbe hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika fungu lolote mpaka awe amezitazama filamu zote zilizoteuliwa katika fungu hilo. Nilipoisoma habari hiyo nilivua miwani. Kumbe kwa miaka yote hiyo, tangu hafla yao ya kwanza ya mwaka 1929, katika mafungu mengi mtu aliweza kuhukumu kazi asiyoiona! Mwalimu anayesahihisha mtihani bila ya kuufungua tungemwita jina baya. Lakini ngoja kwanza nisiwacheke. Mimi mwenyewe nilihukumu kwa picha ambayo nilidhani nimeiona.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa na umri wa miaka minane, katika sinema ya Majestic pale Vuga, jengo lililofunguliwa mwaka 1955 baada ya lile la kwanza kuungua. Baadaye liligeuka gofu, lakini siku zile lilikuwa kama kasri. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mtoto mdogo wa kiume aliruhusiwa kuingia kwa kushikilia buibui la mamake. Tulitoka Mtoni na gari la mbao, mama, mama mdogo na mimi, na halua ya Idd imefungwa katika karatasi. Kihindi hatukukijua. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa mstari wa mbele yetu alikuwa akigeuka na kutufasiria kwa Kiswahili, sentensi moja kwa kila vituko kumi, na hiyo ilitosha.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Radha anaolewa, na mama mkwe amekopa fedha za harusi kwa mkopeshaji wa kijiji, Sukhilala, mwenye daftari ambalo hakuna mwengine awezaye kulisoma. Deni haliishi. Kila mavuno, robo tatu ya mazao ni yake. Mume anapondwa mikono yote miwili na jabali, anaona haya kulishwa na mkewe, anaondoka usiku asirudi. Linakuja gharika. Radha anakokota jembe kwa mabega yake. Wanawe wawili wanabakia, Ramu mpole na Birju mkaidi, na mama anampenda yule mkaidi kama mama wote wanavyofanya. Birju akikua anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala, anayachoma madaftari, na anamchukua kwa nguvu Rupa, binti wa Sukhilala, siku ya harusi yake. Mama anasimama njiani na bunduki. Anampiga mwanawe risasi.

Ukumbi mzima ulipiga kelele. Mama yangu aliniziba macho kwa kiganja chake, kwa hiyo risasi niliisikia tu. Njia nzima ya kurudi Mtoni nililia, na nilimchukia yule mama. Birju ndiye aliyekuwa shujaa wangu, aliyachoma madaftari.

Wala hapana aliyetuambia kwamba picha ile ilikwenda Marekani kushindana. Tungeambiwa, nadhani mama angeuliza walioshindanisha wana watoto au hawana.

Mara ya pili nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu pale Beit-el-Ras. Picha za zamani zilikuwa zikirejeshwa mara kwa mara, na Jumapili moja tulikwenda mjini kundi la wanachuo. Tulirudi usiku tukabishana bwenini mpaka mwenye zamu akaja kutuzimia taa. Wenzangu wengi walisema damu ni damu, mama hapigi mwanawe risasi, na kama haki inataka hivyo basi haki imepotea njia. Mimi nilisimama juu ya kitanda nikamtetea Radha. Nilisema mwalimu hawezi kuwa na jicho moja kwa mtoto wa jirani na jengine kwa mtoto wake. Nilisema yule mama ndiye mwalimu mkuu wa kweli. Nilipigiwa makofi. Namkumbuka bado yule kijana aliyekuwa nilivyokuwa, na napenda ari yake. Lakini nakumbuka pia kwamba makofi yale yalinipendeza kuliko hoja yenyewe.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Mwaka 1987 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa skuli moja ya shamba. Nyumbani kwangu nilikuwa nikimlea mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka kumi na sita. Alikuja kwangu ana miaka saba, na godoro lake lilikuwa ubavuni mwa godoro la wanangu. Usiku mmoja wavulana wanne waliingia ofisini kwa dirishani wakaiba karatasi ya mtihani wa hisabati. Walikamatwa asubuhi, kwani mmoja wao aliacha kiatu. Mpwa wangu alikuwa miongoni mwao. Cha ajabu ni kwamba hisabati ndiyo somo alilolijua yeye kuliko wote. Aliingia kwa ajili ya wenziwe.

Kamati ya nidhamu ilikaa, ikapendekeza adhabu moja kwa wote wanne: wasimamishwe muhula mmoja na mtihani warudie. Ilikuwa adhabu ya kutosha. Nikakubali kwa wale watatu. Kisha nikasema: "Huyu wa kwangu afukuzwe." Mwalimu mmoja mzee, aliyenizidi umri na busara, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu Mkuu, kosa ni moja." Nikamjibu kwamba watu wangesema nambeba mpwa wangu. Nikaandika barua, na barua ikakubaliwa.

Mke wangu, Mungu amrehemu, hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu nilijitetea bila ya kuulizwa. Nilimwambia, "Huikumbuki Mama India?" Alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuuchambua, kisha akasema, "Yule alimlilia mwanawe, Maalim. Wewe umelia saa ngapi?"

Mwaka uliofuata, siku ya wazazi, mgeni rasmi alisimama mbele ya umati akasema kwamba katika skuli hii kuna Mwalimu Mkuu asiyemjua ndugu wala jamaa. Uwanja ukapiga makofi. Nikapewa hati ya sifa na saa ya ukutani. Niliipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikatabasamu, na picha ya tabasamu hilo ipo. Saa niliitundika sebuleni, juu ya mahali ambapo palikuwa godoro la mpwa wangu kabla hajaondoka. Yeye alikwenda kupakua mizigo bandarini Malindi, kisha Dar es Salaam, na katikati ya miaka ya tisini akavuka kwenda Maskati, ambako mpaka leo anaendesha lori.

Basi Ramadhani ile ya mwaka 2025, mjukuu wangu aliitafuta Mother India akaipata, na tukaitazama kwa mikesha miwili baada ya tarawehe, kwani ina urefu wa karibu saa tatu. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilielewa kila neno.

Nitasema mambo mawili niliyoyaona, ambayo yalikuwamo humo tangu mwanzo.

La kwanza ni lile la mwisho. Katika kumbukumbu yangu, niliyoitumia kama hoja bwenini na kama ngao mbele ya mke wangu, Radha alipiga risasi akabaki amesimama kama sanamu ya haki. Si kweli. Baada ya risasi anamkimbilia mwanawe na kumkumbatia. Na Birju, katika kufa kwake, anamtolea bangili zake, zile ambazo mama alizipoteza kwa mkopeshaji na ambazo mwana aliapa kuzirejesha, nazo zimejaa damu. Mama yangu aliniziba macho nisiione sehemu hii nikiwa na miaka minane. Nani aliyeniziba nikiwa na miaka ishirini?

La pili liko mwanzoni kabisa, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Picha inaanza Radha akiwa mzee. Serikali imechimba mfereji wa maji, na wanakijiji wanataka yeye, mama wa kijiji kizima, aufungue. Anakataa. Wanambembeleza. Wanamvisha shada la maua, na harufu ya maua ndiyo inayomrudisha nyuma katika maisha yake, na kisa chote tunachokiona kinatokea hapo, baina ya kuvishwa shada na kulifungua lango la maji. Anapolifungua mwishoni, maji anayaona mekundu.

Kwa maneno mengine, ni picha ya mtu anayepewa tuzo. Nimeifuatilia sinema na tuzo zake miaka yote hii, na sikuliona hilo. Yule mama anaheshimiwa mbele ya umati, kama nilivyoheshimiwa mimi, na kwa sehemu kwa jambo lile lile, kwamba alikihifadhi kijiji hata kwa mwanawe. Yeye anaona damu katika maji. Mimi niliona saa mpya.

Sisi tuliosoma chuoni tunalijua vyema neno riya: kutenda jema ili uonekane. Ustadhi alitufundisha kuwa linaingia katika sala, linaingia katika sadaka. Funga ya Ramadhani ina sifa yake ya pekee kwa kuwa hapana amwonaye mtu akiwa peke yake na mtungi wa maji. Lakini sikuwahi kufundishwa kwamba haki nayo ina riya. Niliposema "watu wangesema", nilikuwa nimekwisha kuiacha haki, nimeanza kuwatazama watazamaji. Tena nilimhukumu kijana kwa undugu wake. Hivyo hasa ndivyo anavyofanya mwenye upendeleo, ila mimi niligeuza mizani upande wa pili. Wenziwe watatu waliadhibiwa kwa kuiba karatasi. Yeye aliadhibiwa kwa kuiba karatasi na kwa kuwa mtoto wa dada yangu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba najionea ukali sasa uzeeni, na kwamba wakati ule, skuli zikiwa na manung'uniko mengi ya kubebana, mfano kama ule ulihitajika. Nimelifikiria. Lina ukweli kidogo, na ningependa liwe na ukweli zaidi. Wapo wazazi walioniambia kwamba tangu siku ile waliamini matokeo ya skuli yetu. Imani ile haikuwa kitu kidogo. Lakini imani hiyo ilinunuliwa kwa mali ya nani? Mimi sikutoa chochote. Aliyetoa ni kijana wa miaka kumi na sita, naye hakuulizwa.

Nilimweleza mjukuu wangu kisa hiki chote, kwani hakukijua. Kwake yeye yule ni babu wa Maskati anayeleta perfyumu. Nilidhani atanituliza, au atanilaumu. Alifikiri kwanza, kisha akauliza: "Babu, Rupa wako alikuwa nani?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia. Katika picha, alisema, watu wote wanamzungumza mama na mwana, na wanamsahau yule msichana aliyebebwa juu ya farasi. Radha hakupiga risasi ili aonekane mwenye haki. Alipiga kwa sababu kulikuwa na msichana anayechukuliwa kwa nguvu, tena binti wa adui yake mwenyewe, na hapakuwa na mwengine wa kumzuia mchukuaji. Risasi ile ilimwokoa mtu. "Sasa Babu, ulipomfukuza, nani aliokoka?"

Nimekaa na walimu, wakaguzi na mashekhe, na sikupata kuulizwa swali lililonyooka kama hilo. Na jibu lake ni fupi. Adhabu ya kamati ilitosha kuulinda mtihani. Kile nilichokiongeza juu yake hakikumlinda mtu yeyote, isipokuwa jina langu.

Sisemi kwamba Radha alifanya sawa. Kwa hilo bado nimegawanyika, kama wale waliopiga kura mwaka 1958. Nikimtazama kama mzazi nasema angempiga mguu, nikimtazama kama baba wa mabinti nasema farasi hangojei. Picha yenyewe haitoi uamuzi, inamwacha mama na maji mekundu, na labda ndiyo sababu imekuwa ikitazamwa miaka yote hii. Ile ya Fellini nayo nimeiona, tuliitafuta wiki iliyofuata. Ni nzuri. Yule mwanamke mnyonge mwishoni amepoteza kila kitu, anatembea barabarani analia, vijana wanampigia muziki, naye anatabasamu na machozi yangali mashavuni. Sina kinyongo na waliompa. Kama ningekuwa mjumbe, ningempa Radha kura yangu, lakini ningempa kwa sababu ya buibui la mama yangu, na hiyo si sababu ambayo jaji mwaminifu angeiandika.

Wala sizilaumu tuzo. Nimehudhuria mara nyingi Tamasha la Nchi za Jahazi pale Ngome Kongwe, tangu lilipoanza mwaka 1998, nikakaa juu ya ngazi za mawe na mto wangu mdogo wa kukalia, nikawaona vijana wa Kenya, Uganda na wa hapa wakiitwa kupokea Jahazi la Dhahabu, na mikono ikiwatetemeka. Kijana aliyetengeneza picha kwa kukopa kamera anastahili usiku mmoja wa namna hiyo. Nimegawa zawadi za wanafunzi kwa miaka mingi, na najua daftari na kalamu mbili zinavyoweza kumwinua mtoto aliyeambiwa nyumbani kuwa hana akili. Ninachokitilia shaka ni zawadi ya uadilifu, anayopewa mtu mzima mbele ya watu wazima. Hapo sijui kama kuna namna ya kuipokea ambayo haiharibu kilichotolewa zawadi. Radha alikataa kwanza. Pengine kukataa kwanza ndiyo adabu yake, au pengine ni kufungua lango na kuyatazama maji mpaka yatakapokuwa meupe, kama yanavyokuwa katika picha, baada ya muda.

Kila Idd, mpwa wangu hupiga simu kutoka Maskati. Kila Idd tunaambiana tusameheane, kama Waislamu wote wanavyoambiana, mdogo na mkubwa, aliyekukosea na ambaye hata humjui vizuri. Neno hilo ni zuri, lakini mimi nimejificha nyuma yake kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikilisema haraka, kisha nikauliza habari za watoto.

Idd ile ya mwaka 2025 alipopiga, akasema, "Shikamoo mjomba, Idd mubarak, tusameheane." Nikamwambia angoje. Nikatoka uani ili wageni wasinisikie, nikakaa juu ya ukingo wa kisima. Nikamwambia kwamba namwomba msamaha kwa mwaka 1987. Nikalitaja jambo kwa jina lake, kwamba kamati ilisema muhula mmoja, na kwamba ni mimi niliyeongeza. Hilo la kamati nadhani hakulijua.

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Nilisikia honi ya gari upande wake.

Kisha akasema, "Mimi ile karatasi niliichukua kweli, mjomba."

Nikamwambia, "Najua."

"Basi," akasema.

Na hapo mtandao ukakatika kweli. Alipiga tena baada ya Isha, tukazungumza juu ya mvua za masika, na juu ya kiwanja chake cha Bububu ambacho jirani amekisogelea kwa ukuta. Alisema atakuja kabla ya mwaka kwisha. Nimemwambia mjukuu wangu asiifute ile picha.